Arbitre Aliyemweka Balenyeri wa Tatu

Kabla ya kukusalimia, Arbitre alikupima. Alikuangalia mabega, akashuka kiunoni, akamalizia kwenye vifundo vya miguu, mikono yake yote miwili ikiwa nyuma ya mgongo, ndipo akatoa mmoja akushike. Siku nilipompeleka mchumba wangu amwone, alimzunguka kidogo kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, kisha akasema:

"Kilo makumi sita na tano. Welter. Lakini roho iko ya poids lourd. Mutoto yangu, huyu hatakuachia kitu."

Mchumba wangu, aliyepewa roho ya bondia wa uzito mkubwa, hakujua acheke au aombe radhi. Tumekaa miaka mingi katika ndoa sasa, na kila anaponibishia juu ya chumvi ya pondu, kisamvu chetu, mpaka sahani zinapoa, namkumbuka Arbitre na kipimo chake.

Arbitre ndivyo tunavyomwita mwamuzi huku kwetu Kisangani, kwa Kifaransa kilichozama katika Kiswahili chetu hata hatukioni tena. Alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini hata mkewe hakulitumia, na mimi sitalitumia. Wala sitaanza na mahali alipozaliwa na ukoo wake, kwa sababu hakuwahi kuniambia na sikuwahi kumwuliza. Nilimkuta tayari ana mvi, mtaani kwetu Mangobo. Siku za juma alivuka mto kwenda Lubunga kufanya kazi ya reli. Jumapili mchana alipanda ulingoni, shati jeupe, tai ya kipepeo nyeusi, akasimama katikati ya watu wawili waliokuja kuumizana.

Mimi kazi yangu ni redio. Natangaza michezo, na nilipoanza nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimekuja kuwapikia chai. Nilihitaji mtu wa kuketi nami katika kipindi cha Jumamosi alasiri, mtu ambaye mji ungemsikiliza, na nikamwendea Arbitre. Alinipima, akasema sauti yangu ni nzito kuliko mwili wangu, na akakubali. Tangu siku hiyo alikuja karibu kila Jumamosi, kwa miguu, kwa sababu hakupenda kupanda pikipiki. Alisema mtu aliyeketi nyuma ya mwingine amekabidhi uamuzi wake.

Orodha yake maarufu ilizaliwa katika kipindi hicho, bila kupangwa. Msikilizaji mmoja wa mtaa wa Kabondo alipiga simu akauliza: tangu mji utulie baada ya vita, bondia bora kuliko wote ni nani, ukichanganya uzito wote, wadogo na wakubwa? Nilitarajia Arbitre acheke na kusema haiwezekani kumlinganisha nzi na ng'ombe. Hakucheka. Alisogeza maikrofoni kama mtu anayesogeza sahani.

"Wa kwanza, Kamundele. Wa pili, Kamyo. Wa tatu, Balenyeri. Wa ine, Kushoto. Wengine watafuata nyuma, nitawafikiria."

Kisha akanywa maji. Simu haikupumzika mpaka kipindi kilipokwisha, na ubishi huo haujapumzika mpaka leo.

Msomaji asiyewajua hao wanne anafaa aambiwe. Kamundele alikuwa mpiga kasia wa Lubunga, akivusha watu kwa mtumbwi, mwembamba kama kijiti cha nyama ya kuchoma, na ndiyo hiyo nyama ya vijiti ya barabarani tunayoiita kamundele. Alipigana katika uzito mdogo kabisa. Kamyo alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Bafwasende, uzito wa welter, chini kidogo ya ule wa kati. Mara nyingi aliingia mjini siku ileile ya pambano, tope jekundu likiwa bado kwenye kucha, akavaa glavu juu ya tope hilo. Kushoto alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Tshopo, uzito wa kati, mtu wa mkono wa kushoto na wa sura nzuri, ambaye wanawake wengi walikwenda ulingoni kwa ajili yake na kurudi wakijidai wamependa mchezo. Na Balenyeri, ah, Balenyeri. Alikuwa mwanajeshi wa kambi ya Kapalata, mzito kuliko wote, aliyepewa jina la mashua zile kubwa za mbao zinazopandisha watu na mizigo kutoka mto wa chini. Akikujia huoni kilicho nyuma yake. Katika mji huu hakuna mtu wa uzito wake aliyemaliza naye raundi zote. Watoto waligombana nani awe Balenyeri kabla hata ya kuanza mchezo wao.

Kwa hiyo utaelewa hasira ya watu.

"Arbitre, umekunywa?" aliuliza mpigaji wa kwanza.

"Sikunywaka pombe."

"Alors uko mugonjwa."

Mwingine alisema, "Balenyeri akipumua tu, Kamundele anaanguka!"

"Iko kweli," Arbitre alijibu. "Na mvua ikinyesha, Kamundele analowa. Tuko tunaongea juu ya boxe, hatuongee juu ya mvua."

Alikuwa na namna yake ya kuwalinganisha, na aliieleza mara nyingi hata mimi naweza kuieleza usingizini. Watu wengi husema: tuwafikirie wote wamekuwa na kilo sawa, halafu tuwapiganishe. Arbitre aliikataa njia hiyo. Ukimpunguza Balenyeri, alisema, unampunguza na kile kilichomfanya awe Balenyeri, unabaki na mtu mwingine asiyejulikana. Ukimnenepesha Kamundele, unampa tumbo tu. Kilo ni nguo ya mtu. Yeye alitafuta kitu kingine.

"Ngumi iko ulizo," aliniambia. "Mwenzako anakuuliza: utafanya nini na hii? Na hii? Donc mi naangaliaka majibu. Kamundele batu walimuuliza maulizo yote. Ile alishindwa kujibu, alienda nayo ku nyumba. Akirudia, iko na jibu."

Maana Kamundele alikuwa ameshindwa mapambano kadhaa, na hiyo ndiyo hoja waliyomrushia kila juma: unawezaje kumweka wa kwanza mtu aliyeshindwa, juu ya mtu aliyewaangusha wote? Arbitre alisimulia habari ya bondia wa Kindu aliyempiga Kamundele mbavu mpaka akashindwa kunyoosha mgongo. Kesho yake watu walimwona Kamundele akipiga kasia amepinda upande, bila kumwambia mtu lolote. Baadaye mtu wa Kindu aliletwa tena. Alipiga mbavu zilezile, akakuta kiwiko. Akapiga tena, akakuta kiwiko, na nyuma ya kiwiko ngumi iliyokuwa ikisubiri. Arbitre alisimamia mapambano yote mawili. "Ile ya pili," alisema, "yule wa Kindu alikuwa ananiangalia mimi, kama vile mi njo nilimufundisha mwenzake."

Na Balenyeri?

"Mukono yake ya kuume ilimujibia maulizo yote. Ya kushoto haikuingia hata ku masomo ya primaire."

Maneno hayo yalifika Kapalata kabla hatujatoka studio.

Usidhani alikuwa mtu wa kuchekesha tu. Katika kazi yake alikuwa mkali kupita kiasi. Juma la pambano hakumsalimia bondia yeyote aliyehusika. Akimwona mbali, alivuka barabara, na akikosa pa kuvukia alitumbukia mtaroni. Mabondia wenyewe walizoea. Walisema ukitaka kujua kama pambano lako limethibitishwa, usiwaulize waandaaji, mtafute Arbitre barabarani uone kama anakukimbia. Mama wa bondia mmoja alimletea samaki wa kukaushwa kwa moshi nyumbani, bila nia mbaya, kwa sababu walikuwa majirani. Arbitre aliwarudisha yeye mwenyewe, akapiga hodi, akasema, "Mama, aksanti, ulete baada ya Jumapili." Baada ya Jumapili mwanawe alikuwa ameshindwa kwa uamuzi wa Arbitre, na samaki hawakuletwa tena.

Mtu huyohuyo alidanganya katika mchezo wa dama. Alidanganya waziwazi, bila aibu, kwa vifuniko vya chupa kwenye ubao mbele ya nyumba yake. Ukigeuka kumwita mtoto, ukirudisha macho unakuta kifuniko chako kimoja kimehama. Nilimkamata siku moja nikamshika mkono.

"Papa, weye? Weye mwenyewe?"

"Hapa hakuna arbitre," alisema, akaendelea kucheza.

Na damu, ambayo aliiona kila Jumapili kwenye shati lake jeupe, nyumbani hakuweza kuitazama. Kuku akichinjwa alikwenda kusimama barabarani. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, mama aliyekaanga mikate ya mafuta na kuiuza mlangoni pa ukumbi siku za mapambano. Mama huyo alikuwa na orodha yake mwenyewe, na aliitangaza kwa sauti kubwa kila aliponiona.

"Wa kwanza iko Kushoto! Bondia gani anamalizaka na sura ile alikuja nayo? Njo huyo. Boxe iko kupiga bila kupigwa. Bwana yangu anapenda batu ya kuteseka."

"Ile iko maoni ya mutu mwenye kupenda sura," Arbitre alijibu kutoka ndani.

"Na ile yako niliyopendaka, iko wapi sasa?"

Nilidhani nimempata mtu pekee mjini aliyeweza kumshinda kwa pointi.

Lazima sasa nisimulie siku aliyomsimamisha Balenyeri, kwa sababu bila hiyo huwezi kumwelewa yeyote kati yao.

Alikuja bondia wa uzito mkubwa kutoka Bunia, na kulikuwa na mkanda wa kugombania. Mshindi alitarajiwa kwenda Kinshasa. Ukumbi ulijaa, nusu yake wanajeshi wa Kapalata na familia zao. Balenyeri aliongoza tangu mwanzo. Mtu wa Bunia alikuwa mgumu, hakuanguka, lakini kila mtu aliona nani anashinda. Ikabaki raundi ya mwisho. Mwishoni mwa ile iliyotangulia ngumi moja ilimpata Balenyeri juu ya jicho, kope ikachanika kama kitambaa. Damu ilishuka ikaingia ndani ya jicho lenyewe. Daktari alipanda, akafuta, akatazama, akainua mabega. Hakusema ndiyo wala hapana. Arbitre alimshika Balenyeri kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia muda mrefu. Kisha akapunga mikono yote miwili hewani. Pambano limekwisha. Kwa sheria, mkanda ulikuwa wa Bunia.

Nilikuwa na kinasa sauti mkononi na bado ninayo ile sauti. Sijawahi kusikia ukumbi ukilipuka namna ile. Mifuko ya maji iliruka, viatu, kiti. Arbitre alisimama katikati ya ulingo mikono nyuma, akingoja wamalize, lakini hawakuwa na nia ya kumaliza. Walianza kupanda kamba.

Ndipo mkewe alipoingia. Alikuwa amebeba karai lake, mafuta yakiwa bado yanatokota ndani, ameshika masikio ya karai kwa vitambaa. Alipita katikati ya wanajeshi akipiga kelele, "Mafuta! Mafuta ya moto! Atakayenigusa ataungua, mi simo!" Watu walifunguka kama maji mbele ya mtumbwi. Alifika ulingoni, akamwambia mumewe, "Shuka." Akageuka, akatangulia na karai, na Arbitre akamfuata, na hivyo ndivyo walivyokwenda mpaka nyumbani, yeye mbele akiita mafuta, mume nyuma na tai yake ya kipepeo. Nilikwenda nao. Walipofika uani, mama alitua karai.

"Na mikate?" Arbitre aliuliza.

"Imeungua yote."

"Bon. Tutakula ile ile."

Wakaila. Nami nikaila. Ilikuwa michungu kama dawa.

Kope ya Balenyeri ilishonwa, ikapona, na jicho likabaki. Lakini Kinshasa hawakumwita. Waandaaji walimtafuta mtu wa Bunia. Balenyeri alipigana mara chache zaidi hapa mjini, akashinda kama kawaida, kisha akaacha. Hakusema tena neno na Arbitre. Wakipishana barabarani, ni Balenyeri sasa aliyevuka.

Miaka ilipita, ndipo ikaja orodha ya redioni, na ile kauli juu ya mkono wa kushoto. Jumamosi iliyofuata mlango wa studio ulifunguka tukiwa hewani. Balenyeri aliingia kwa upande, kwa sababu mlango wenyewe ni mwembamba. Alikuwa amevaa kiraia, shati lililopigwa pasi. Fundi wetu wa mitambo alisimama akaegemea ukuta. Nilipaswa kuweka muziki. Sikuweka.

"Papa Arbitre," alisema, na hata katika hasira hakuliacha neno papa. "Nimekuja kukuuliza mbele ya mji muzima. Ulinisimamisha, batu wakakukasirikia. Sasa unaniweka wa tatu ili uonekane ulikuwa na haki. Ao nakosea?"

Arbitre alimpima. Mabega, kiuno, miguu.

"Unakosea. Siku ile nilisimamisha juu ya jicho. Wa tatu nakuweka juu ya mukono. Iko mambo mbili, usichanganye."

"Nilikuwa nashinda!"

"Ulikuwa unashinda. Nilikuwa naona kama weye."

"Ilibakia raundi moja. Moja tu!"

"Leo uko unaniangalia na macho mbili," Arbitre alisema.

"Ningekuwa champion na moja." Balenyeri alilisema hilo taratibu, na taratibu hiyo ilinitisha kuliko kelele. "Hukuniuliza. Jicho ilikuwa yangu, papa. Haikuwa yako."

Nilimtazama Arbitre. Kwa mara ya kwanza sikujua atajibu nini, na nadhani mji mzima uliinama juu ya redio zake.

"Iko kweli, ilikuwa yako," alisema. "Na kama ningekuuliza, ungeniambia nini?"

"Ningekuambia uniache."

"Wote wanasemaka uniache. Njo maana wanaweka arbitre."

Balenyeri alisimama pale, akipumua. Kisha akatoka kwa upande kama alivyoingia, akauacha mlango wazi. Niliweka muziki. Arbitre alivua kisikilizi cha masikioni, akafuta jasho shingoni kwa kitambaa alichokikunja vizuri, akaniambia kitu ambacho sikukitarajia:

"Umeona kope? Walishona vizuri. Mi nilikuwa na woga haitafunga."

Mji uligawanyika. Wengine walisema Arbitre ameshinda mjadala, wengine walisema Balenyeri ndiye aliyesema neno la kweli. Mimi mwenyewe sijaamua, na nimeisikiliza rekodi ya kipindi kile mara nyingi. Arbitre hakuona shida yoyote. Juma lililofuata nilimwuliza kama orodha imebadilika.

"Mukono ya kushoto imejifunza?" akauliza.

"Hapana."

"Alors basi."

Baada ya hapo yalikuja mambo ya macho yake. Niliona dalili mapema, lakini nilicheka badala ya kuelewa. Nilikuwa na mimba kubwa, natembea kama bata, nikaingia uani kwake akanipima na kuniambia nimepungua, nile. Nilidhani ni utani. Kisha akaanza kushuka ulingoni kwa kupapasa kamba. Vifuniko vya dama vilihama na hakuona, na watu waliokuwa wamedanganywa kwa miaka walijilipa.

Mtu huyu aliyewapeleka mabondia wengi kwa daktari kwa nguvu, aliyegombana na makocha juu ya kope na taya na vidole, hakutaka kwenda kuonyesha macho yake mwenyewe. Mkewe alimsihi. Mimi nilimsihi. Alisema inshallah, na kwa Arbitre inshallah ilikuwa na maana ya hapana. Mkewe alipomwambia, "Kama weye ungekuwa bondia ungejisimamisha," asubuhi iliyofuata alivaa shati jeupe akaenda hospitali. Ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. Walimwambia kilichokwenda hakirudi. Walimpa dawa ya kudondoshea ili kulinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mwanga, vivuli, na umbo la mtu aliye karibu sana.

Alitangaza mwenyewe redioni kwamba ameacha ulingo. Hakuacha kipindi. "Mudomo iko inaona bado," aliwaambia wasikilizaji.

Basi nifike kwenye Jumapili ile ya mwaka jana.

Kulikuwa na mapambano ya vijana ukumbini, Mangobo. Nilikwenda kumchukua Arbitre nyumbani, kwa sababu alitaka kuwepo hata bila kuona. Mvua ilikuwa imekatika, ua umejaa madimbwi. Nikamkuta Balenyeri ameketi kwenye kigoda, kigoda kimepotea chini yake, sahani ya mikate juu ya goti. Mama alikuwa akikaanga mingine, kama vile jambo hilo hutokea kila juma.

"Amekuja tangu asubuhi," mama aliniambia.

Balenyeri aliona nashangaa. Alikuwa amestaafu jeshi sasa, na mvi zimempata naye. "Nilisikia ku redio yenu kwamba haoni tena," alisema. "Nikauliza nani anamupelekaka ku salle ya boxe. Mama akasema hakuna mutu."

Arbitre alitoka amevaa, tai ikiwa imepinda. Mama aliinyoosha. Balenyeri alisimama, akamsogezea mkono, na Arbitre akaushika juu ya kiwiko, akaubonyeza kidogo.

"Umepunguza."

"Ndiyo, papa."

"Iko vizuri. Moyo itapumua."

Tulikwenda hivyo, wao wawili mbele wakikwepa madimbwi, mimi na mama nyuma na karai lake. Barabara nzima ilisimama kutazama. Waendesha baiskeli za abiria waliacha kukanyaga.

Mama alibaki mlangoni na mikate yake, sisi tukaketi mstari wa kwanza. Kengele ilipolia, Balenyeri alianza kumsimulia, na alisimulia vibaya sana.

"Anapiga. Anapiga tena. Eh! Amemupiga!"

"Nani? Na mukono gani? Inaenda wapi?" Arbitre alimkatiza. "Weye ulikuwa bondia ao muuza samaki?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na Balenyeri naye akacheka, akafuta mikono kwenye suruali, akaanza upya. Alikwenda polepole: mguu wa mbele, bega, mkono gani, ulifika wapi. Kufikia pambano la tatu alikuwa akisimulia vizuri kuliko mimi, na mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Arbitre alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikitembea, akihesabu pointi zake.

Pambano la nne lilikuwa la kijana wa Mangobo mwenye kaptura nyekundu na kijana wa Kabondo. Wa nyekundu alikuwa hodari, anaongoza wazi, ukumbi wote wake. Kisha Balenyeri akanyamaza.

"Sema," Arbitre alimwambia.

"Iko damu."

"Kwa nani?"

"Ya kwetu. Nyekundu."

"Wapi?"

"Jicho."

"Juu ao chini?"

"Juu. Inaingia ndani, papa."

"Iko anashinda?"

"Anashinda. Imebakia kidogo tu."

Ulingoni mwamuzi kijana alimtazama bondia, akatazama kona, akatazama ukumbi uliokuwa ukiimba. Akawaambia waendelee. Nilimgeukia Arbitre. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, uso mbele. Nina hakika alijua la kusema. Alikuwa amelisema kwa maisha yake yote. Siku ile alilishika mdomoni na akangoja.

Kiti kilichokuwa pembeni yake kilianguka. Balenyeri alikuwa amesimama, na alipounguruma sauti yake ilifunika nyimbo zote.

"Simamisha! Arbitre, simamisha! Mutoto atakufa jicho! Simamisha!"

Mwamuzi kijana alishtuka, akageuka, akamwona mtu aliyesimama. Kila mtu mjini anamjua mtu huyo. Akapunga mikono hewani.

Ukumbi ulilipuka. Kijana wa nyekundu alipiga ngumi nguzo ya ulingo akilia, akimwambia kocha wake amwache, amwache amalize. Mifuko ya maji ilianza kuruka, na safari hii ilimlenga Balenyeri. Hakuondoka. Aligeuka akawapa mgongo, akasimama mbele ya mzee kama ukuta, na maji yalimpasukia mabegani na shingoni mpaka walipochoka. Kisha akakiinua kiti chake, akaketi. Alikuwa amelowa, anahema, mikono yake mikubwa ikining'inia kati ya magoti. Mama, kutoka mlangoni, alikuwa ameshika karai akitazama, lakini hakuhitaji kuingia.

Nilingoja Arbitre aseme kitu. Nadhani Balenyeri naye alingoja. Mzee alitoa kitambaa chake kilichokunjwa, akakinyoosha upande wa pili bila kuangalia, na Balenyeri akakipokea akajifuta uso.

"Wenye kufuata," Arbitre alisema, "iko kilo ngapi?"

"Makumi saba na tano."

"Bon. Anzia ku miguu yao. Niambie."

Balenyeri aliinama karibu na sikio lake, akaanza kumwambia.